Mizizi Mitatu

Kikokotoo cha kuchora grafu niliachiwa na mwanajiolojia aliyekuwa jirani yangu pale Ushirombo alipohamishwa kikazi. Alinionyesha kwamba kazi nyingi zimo ndani tayari. Ukiandika mlinganyo, mashine inachora mstari. Ukitaka mzizi, unaiambia itafute kati ya hapa na hapa, nayo inakupa jibu. Mwezi mzima nilikuwa nacho mezani, hata nikiwa nasonga ugali.

Wakati huo nilifundisha hesabu darasa la jioni la watahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha sita. Kwenye mtihani mashine hiyo hairuhusiwi, lakini niliona itawasaidia kuelewa grafu, nikaenda nayo. Miongoni mwao alikuwapo kaka mmoja aliyenizidi umri kwa miaka kama kumi. Alikuwa amechimba dhahabu kwenye maduara ya Geita, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, hadi mgongo ukamkatalia. Sasa alisimamia karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu.

Niliandika ubaoni: eksi kwa kipeo cha tatu, toa ishirini na nane eksi mraba, jumlisha mia mbili na saba eksi, toa mia moja na themanini, sawasawa na sifuri. Kikokotoo kikachora mstari mmoja uliopanda wima na kukata kwenye moja. Nikawapitishia waone.

"Mzizi ni mmoja," nikasema.

Yule kaka akanyoosha mkono. "Mwalimu, mimi nimepata mitatu. Moja, kumi na mbili na kumi na tano."

"Grafu umeiona?"

"Nimeiona."

"Basi umekosea mahali. Mashine haiwezi kukosea kitu kidogo hivi."

Wenzake wakacheka. Akachukua kifutio, akafuta ukurasa mzima.

Kesho yake asubuhi, kabla sijanywa chai, nilichukua karatasi nikaweka kumi na mbili mahali pa eksi. Ikatoka sifuri. Kumi na tano, sifuri. Nikawasha kikokotoo na kuangalia mipaka ya mchoro: kilikuwa kinaonyesha kuanzia hasi kumi hadi kumi tu, jinsi kilivyotoka kiwandani. Nikaongeza hadi ishirini. Mstari ukashuka, ukakata kwenye kumi na mbili, ukazama kidogo, ukapanda tena kwenye kumi na tano. Nilisikia uso unawaka, na nilikuwa peke yangu.

Nikaenda karashani. Alikuwa ametapakaa vumbi la mawe hadi kope.

"Mwangaluka, mwalimu," alinisalimia kwa Kisukuma, akashangaa kuniona.

Ilibidi nipaze sauti kuushinda mngurumo. "Kaka, mizizi ni mitatu. Nilikosea mimi, na nilikuaibisha mbele za watu. Naomba radhi."

Akazima injini. "Nilidhani nimesahau kugawanya," akasema. "Nimerudia usiku mara nne."

Hilo liliniuma kuliko kama angenifokea.

Jioni niliwaeleza darasa zima, kisha nikampa yeye chaki. Alifanya hatua kwa hatua, polepole, akihesabu kwa sauti, na hakuna aliyecheka. Mwaka uliofuata alifaulu hesabu, akaenda chuo kusomea upimaji ardhi. Aliponiaga alinipa mkono na kusema, "Asante kwa kuja karashani, mwalimu."