Kinyonga Wangu na Dirisha Lililozibwa

Sisi tuliokulia Masaba, kwenye miteremko ya mlima wa mpakani, kabla umeme haujafika hatukununua wanyama wa kuchezea. Tuliwakamata. Panzi tulimfunga uzi mguuni, kumbikumbi tulimwacha atembee kidogo kiganjani kabla ya kumla, na kinyonga tulimfuga kwa siri, kwa sababu hapakuwa na mtu mzima upande huu wa mpaka wala ule aliyemwamini. Mnyama anayetazama mbele na nyuma kwa wakati mmoja anatafuta nini? Ndivyo walivyouliza, na mpaka leo sina jibu zuri.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya mtoto wa mdogo wangu, Wandera. Wanaishi Busia mjini, na huyo kijana anafuga kinyonga ndani ya sanduku la kioo. Amemwekea taa, amemwekea mashine ya kutoa ukungu usiku kucha, na amempa jina refu kuliko la baba yake. Nilipowatembelea juzijuzi nilimkuta kinyonga ameinua kichwa, kinywa wazi, mapovu puani, macho yamefumbwa mchana kweupe.

"Senge, huyu anatabasamu," kijana akaniambia, akiniita shangazi kwa lugha yetu. "Video yake watu wameipenda sana."

Nikamwambia hatabasamu, anatafuta pumzi. Azime ile mashine, amtoe kwenye kioo, amjengee banda la wavu barazani penye kivuli na upepo. Maji amnyunyizie asubuhi, kisha majani yaachwe yakauke. Asimweke karibu na jiko. Na kwa huyu ambaye ameshaugua, atafutwe daktari wa mifugo leo, si kesho. Akanitazama, halafu akaiuliza simu kama shangazi yake anasema kweli. Bahati yangu simu ilikubali. Enzi zetu shangazi akisema ulitii kwanza, hata kama amekosea, na mara nyingi alikosea.

"Umejuaje?" akauliza. Nikamwambia ni habari ndefu. Sikumwambia kwamba baba yake yumo ndani ya habari hiyo.

Nilikuwa na miaka tisa mama alipomzaa Wandera, mvua za Aprili zikiwa zimekolea. Kukhu, mama yake baba, akaja kumtunza mzazi. Kukhu hakumwamini mtu aliyeumbwa na Mungu. Kwenye matanga alibeba kikombe chake mwenyewe, na akitoka kidogo alimwaga chai yote, akirudi aliomba nyingine. Kwenye pombe ya chungu kimoja alikwenda na mrija wake, na alirudi nao ukiwa umefungwa kwenye kitambaa. "Kikulacho ki nguoni mwako," alituambia kila siku, hata tukiwa tunakula naye sahani moja ya mihogo na simsim.

Jirani yetu alikuwa Mama Akello, mtu wa Merikit aliyeolewa kwetu. Yeye na mama walilima pamoja, waliombana chumvi, walicheka mpaka wakashika viuno. Alikuja kumwona mtoto, akampakata, akasema, "Huyu kijana mzito kama gunia." Akacheka, akarudi kwake. Alisahau kusema Mungu ambariki. Kukhu hakusahau. Jioni ile ile akachukua gunia, akalikunja, akaliziba dirisha la chumba cha mama, kisha akapaka matope pembeni ili jicho baya lisipate hata mwanya. Na kwa kuwa sasa chumba kilikuwa cha baridi na giza, akaleta mafiga ndani, akakoka moto humo humo usiku na mchana.

Mimi nilikuwa na mashaka yangu. Kinyonga wangu aliishi kwenye mpera nyuma ya nyumba, mnene, kijani kibichi, na nilimshuku kila mtu. Zaidi nilimshuku Okoth, bwana mmoja wa Tororo aliyepita na baiskeli akinunua vinyonga kwa watoto. Alitulipa peremende. Vinyonga hao aliwapeleka wapi? Wengine walisema kwa wachawi, wengine walisema kwa Wazungu, na nyumbani kwetu hapo hapakuwa na tofauti kubwa. Tulijua tu kwamba aliwabeba kwenye vikapu vya fito vilivyo wazi pande zote, kila kinyonga na chake, na kwamba mvua ikianza alisimama chini ya paa la duka mpaka ipite.

Mvua ilipozidi niliona huruma, na pia niliona Okoth akiutazama mpera wetu. Nikamtoa kinyonga, nikamwingiza ndani, nikamweka kwenye mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia wenye majani mabichi, nikaufunika nusu na kuusukuma chini ya kitanda cha mama. Pale palikuwa na joto. Nilijiona mlezi bora kuliko wote. Kila siku nilimmwagia maji, maana nilimpenda.

Siku ya nne hakula. Siku ya tano aliinua kichwa akaacha kinywa wazi, na nikimsogelea nilisikia sauti ndogo, tik, tik, ndani ya kifua. Usiku ule Wandera akaanza kukohoa.

Sikuunganisha mambo hayo mawili. Kukhu aliyaunganisha. Asubuhi akifagia, ufagio uligonga mkebe, na kinyonga akatoka taratibu kama anavyotoka kinyonga, mguu mmoja hewani, akiwa mweusi tii kwa ugonjwa. Kukhu alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Mmeona?" akamwambia mama. "Hiki ndicho kimemkalia mtoto kifuani. Yule mwanamke wa Merikit amekileta. Alikuja kupima uzito kwanza."

Mama alimvuta mtoto kifuani, mimi nikausukuma mkebe kwa mguu mpaka gizani. Kukhu alimrusha kinyonga nje kwa fimbo, na kabla chai haijachemka kijiji kizima kilikuwa kinajua kilichopatikana chini ya kitanda, na nani alikituma. Mama Akello alikuja hadi kwenye ua wetu wa minyaa. Akakuta hakuna anayemwitikia hodi. Akasimama kidogo, akageuka. Nilimwona kupitia ufa wa mlango na nilikuwa na maneno yote mdomoni.

Nilimkuta kinyonga kwenye nyasi, bado anapumua kwa shida. Nikampeleka barabarani nikamngoja Okoth, nikiwa tayari kumpa hata bila peremende.

Okoth alimweka kiganjani, akamsikiliza kifua kwa sikio. "Nyinyi naweka yeye wapi?"

"Ndani. Kwa mkebe."

"Iko moshi?"

"Iko."

"Dirisha?"

"Kukhu alifunga na gunia."

Hakucheka. "Hii mnyama hapana kufa na njaa. Nakufa na kifua. Nataka upepo. Maji kidogo asubuhi, halafu jua inakausha. Wewe unafungia yeye na moshi na maji maji, kifua nakwisha." Akamtia kwenye kikapu. "Nani mwingine nalala hiyo nyumba?"

Nilikimbia. Nilipiga magoti mbele ya mama nikasema yote mbele ya Kukhu: kinyonga ni wangu, nilimleta mimi, Mama Akello hajui lolote, na moto utolewe kwa sababu mtoto anakosa hewa. Nililia mpaka kamasi zikanifika kidevuni.

Kukhu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mama. "Unaona sasa? Ameshamfundisha mtoto maneno ya kusema."

Nimeishi miaka mingi na sijasikia kauli iliyonivunja nguvu kama ile. Ukweli wangu wote ukawa ushahidi wa uongo. Lakini mama alimtazama Wandera, mbavu zake zikiingia na kutoka, akanyanyuka. Alichomoa gunia dirishani kwa mikono miwili, matope yakamwagika kitandani. Alibeba mafiga nje moja moja, yakiwa bado ya moto, kwa kanga yake nzuri. Kisha akamfunga mtoto mgongoni akaenda naye kituo cha afya mvuani, na mimi nyuma nikishika jani la mgomba juu yao.

Wandera alipona. Kukhu alisema amepona kwa sababu kinyonga alitupwa. Okoth sikumwona tena, wala sijui kama alimponya mnyama wangu au alimuuza. Na Mama Akello, baada ya mavuno, alifungasha vitu vyake akarudi kwao Merikit. Mama alilima peke yake miaka yote iliyobaki na sikumsikia tena akicheka shambani.

Kinyonga wa kijana wetu sasa yuko barazani kwenye wavu, anakula panzi, na video zake zimepungua kwa sababu mwenyewe amekuwa na kazi ya kuchuma majani. Ni kijana huyo, kwa lile swali lake, aliyenitia moyo bila kujua. Jumamosi baada ya ziara ile nilipanda gari kwenda Merikit, nikauliza njia mara tatu, nikamkuta Mama Akello uani anapepeta wimbi. Amezeeka, mgongo umepinda. Nilijitambulisha, nikamwambia nilichokuja kusema: yule kinyonga alikuwa wangu.

"Nilijua," akasema. Ungo haukusimama. "Siku ile mvua nazidi nilikuwa naanua mtama. Niliona wewe unabeba yeye ndani ya sketi."

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Ningesema, wangesema naharibia mtoto jina. Halafu ile nyanya yako ingechapa wewe mpaka uzimie." Akapuliza makapi. "Mama yako naye alijua?"

Nikamwambia nilimweleza siku ile ile, na aliniamini.

Hapo ndipo ungo uliposimama. "Alijua," akasema polepole, "na hakuvuka hata siku moja kuja kwangu."

Mama alizikwa kitambo. Watoto wa leo wakikosana asubuhi wanatumiana ujumbe, na kabla ya chakula cha mchana wameshasameheana kwa vikatuni vya machozi, nasi tunawacheka kwamba hawana subira. Sisi tuliokuwa na subira tulikaa nyumba ya pili, ua kati yetu, kila mmoja akingoja mwenzake abishe hodi.