Tulivyoiosha Pampu ya Bwana Mdachi

Andika hivi. Baba yangu alikuwa mhunzi wa majembe, mzaliwa wa Mlali. Mama yangu alikuwa mfinyanzi wa vyungu, mzaliwa wa Bigwa, nami nilizaliwa huko huko Bigwa, kwa kuwa kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na shamba pia. Majina yao usiyaandike. Wanaohusika wanayajua, na wasiohusika hayatawafaa kitu.

Wakati ninaousimulia Mdachi alikuwa akitawala, nami nilikuwa nimeolewa mwaka huo huo. Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyegawa ardhi ya ukoo, alinikatia shamba langu la kwanza, kipande cha mteremko chenye udongo mweusi. Alinikabidhi kwa maneno haya: "Mvua ya vuli ikilikuta halijapandwa, nitampa binti wa mama yako mkubwa. Yeye hajaolewa, lakini jembe analo." Mjomba hakuwa mtu wa mzaha. Nami nimemrithi, kama unavyojua.

Chini ya shamba hilo alikaa bwana mmoja wa Kidachi, mwenye mashamba ya mpira. Mto ulipita mbele ya nyumba yake, maji baridi, safi, yasiyodai kodi. Lakini hakutaka kwenda mtoni kuoga. Alijenga bwawa la mawe na saruji juu ya kilima ili mto umfuate yeye. Mto ulipandishwa na pampu, na pampu iliendeshwa kwa mkanda na injini ya mafuta ya taa.

Kiangazi chote bwana alikuwa pwani, na pampu ilikaa bure. Aliporudi aliwaalika wakubwa wa boma waje kuogelea. Injini ikawashwa, ikanguruma, mkanda ukazunguka, na maji hayakuja. Basi bwana akaamuru kwamba, mpaka pampu itakapopona, wanawake wa Bigwa wapandishe maji kwa mitungi. Tulipandisha siku tisa. Kila asubuhi jua lilikuwa limekwisha kunywa sehemu yake, na maji yalifika magotini mwa chura. Jembe langu lilikuwa limelala nyumbani, na mawingu yalikuwa yakikusanyika vileleni.

Kila mwenye cheo alitafuta ugonjwa wa pampu pale alipokuwa na dawa yake. Bwana alikuwa na kiboko, kwa hiyo aliona uvivu. Fundi wa injini akalazwa chini akachapwa. Akida, ambaye kazi yake ilikuwa kukusanya watu, aliona kwamba watu hawajatosha, akaongeza wanawake. Akaja mganga, akasema mizimu ya mto inataka kuku mweusi. Alipewa, akaondoka naye, na mizimu haikuona hata unyoya.

Fundi alikuwa Mnyamwezi aliyejifunzia injini kwenye ujenzi wa reli. Kila asubuhi aliifungua injini yote, akapangusa kila chuma, akavipanga mkekani kama vyombo vya bibi harusi, kisha akavirudisha. Injini haikuwa na neno. Alikuwa akimtibu punda, na lililovunjika ni gari.

Siku ya tisa nilitua mtungi karibu na pampu, nikasikia jinsi ilivyokuwa ikihema. Sauti ile nilikuwa nimelala nayo utoto wangu wote.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umekuja na maji, au umekuja kupumzika?"

"Fundi, injini yako ni nzima. Pampu ndiyo inayovuta upepo. Ndani yake mna ngozi?"

"Mna ngozi. Nani kakwambia?"

"Masikio. Mivukuto anayopulizia moto baba yangu hulia hivyo ngozi zikikauka. Yeye huzinywesha maji, zikavimba, zikashika. Fungua kifuniko cha juu tuimiminie."

"Maji!" Alishika kichwa. "Mwaka jana maji yaliingia kwenye mafuta, injini ikazimika, nikachapwa ishirini na tano. Mashine haitiwi maji, bibie!"

"Pampu isiyotiwa maji itapandisha nini? Uji?"

"Wewe kazi yako ni kupanda milima kama nyani. Rudi mtoni, mtani."

Hapo ndipo alipokosea, kwa kuniita mtani. Waluguru na Wanyamwezi ni watani, na mtani ana haki yake msibani: hufanya mzaha, hulala hata kaburini, na mfiwa akikasirika aibu ni yake. Jioni ile niliwaendea wenzangu, nikawaambia kwamba mtani wetu amefiwa.

Kesho yake adhuhuri, bwana akiwa amelala, tulishuka na mitungi, tukakaa kuizunguka pampu, tukajifunika kaniki, tukaangua kilio.

Fundi alikuja mbio. "Nini tena?"

"Pole, mtani," akasema mama mmoja mtu mzima. "Tumesikia marehemu amelala siku tisa hajaoshwa. Kwenu ndivyo mnavyozika?"

"Ondokeni! Bwana ataamka!"

"Mfiwa anakasirika!" tukapaza sauti. "Jamani, Mnyamwezi anakasirika!"

Yule mama akaendelea, "Ila tuulizane. Maiti huyu ni mume au mke?"

"Anakula mafuta, anapiga kelele, kazi hafanyi," nikajibu. "Ni mwanamume."

"Basi sisi hatuwezi kumwosha."

"Mke humwosha mumewe. Na sisi tumemfanyia kazi yake siku tisa. Sisi sote ni wake zake."

Fundi alicheka bila kutaka, na aliyecheka hawezi tena kufukuza. Nilifungua kifuniko, nikamimina kwa kata yangu ya kibuyu, polepole. Ngozi kavu haitaki msiba mfupi, kwa hiyo tulilia mpaka alasiri ilipokaribia.

Bwana aliamka, akaja na kiboko, bila viatu.

"Nani amekufa?"

"Pampu, bwana," akasema fundi.

Usicheke, andika. Kabla bwana hajalielewa neno hilo, fundi aliwasha injini. Nadhani alikuwa ameamua kwamba heri achapwe kwa kujaribu kuliko kwa kungoja. Pampu ikakohoa, ikakohoa tena, kisha maji mekundu ya tope yakapanda bombani.

Fundi alipewa kofia mpya. Bwana alisema kiboko ndicho kilichofanya kazi, ingawa kilichelewa. Hata hivyo kiangazi kilichofuata, pampu ilipokataa tena, alimtuma askari kijijini atafute wanawake wa kulia. Maji hakuyataja. Bwana aliyesoma vitabu vingi aliamini kwamba mashine yake hupenda kuombolezewa.

Mimi nilikwenda moja kwa moja nyumbani kuchukua jembe. Nililima kesho yake, nikapanda siku iliyofuata, na usiku wake mvua ikanyesha. Mjomba alikuja na binti wa mama mkubwa kunionyesha uzembe wangu, akakuta mahindi yamechomoza. Aling'oa mche mmoja kuhakikisha kwamba una mizizi. Mche ule niliupanda tena mbele yake.

Sasa sikiliza la kutunza. Shamba ni lile lile unalolijua. Litakuwa lako, kwa kuwa wewe ni mtoto wa binti yangu, na sharti ni lile lile: vuli isilikute tupu. Kata ile niliyomiminia, iliyoning'inia jikoni, itie maji kila kiangazi, kwa sababu ikikauka itapasuka. Jina la bwana yule ukilisikia popote, usilihifadhi. La fundi ukienda kuliuliza kwao, wape pole ya msiba wa pampu.