Kopo la Mahindi na Kopo la Ufuta

Nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima katika kijiji cha Ujamaa upande wa Kisanga, umri wangu haujafika miaka ishirini. Tulisomea ghalani, katikati ya magunia ya mbegu. Siku hiyo katibu wa kijiji alikuja kukagua darasa. Wiki iliyotangulia alikuwa amemwita ofisini mkulima aliyeuliza swali mkutanoni. Yule bwana alirudi kimya, na tangu hapo hakuna aliyeuliza kitu.

Niliandika ubaoni: moja na moja ni mbili. “Nani ana shaka?” nikasema, kwa mazoea tu.

Mama mmoja akainuka, rika la mama yangu mzazi. “Mimi, mwalimu.”

Akachota kopo la mahindi, akamwaga kwenye ndoo. Akachota la ufuta, akamwaga, akatikisa mpaka ufuta ukazama. Kisha akapima upya. Kopo la kwanza lilijaa. La pili halikujaa.

Katibu akasimama. “Mama, unafanya mzaha na elimu ya taifa?”

“Nimepima tu, ndugu katibu.”

“Mwalimu, mjibu!”

“Amepima sawa,” nikasema. “Ila ufuta umejificha kwenye nafasi za mahindi.”

“Basi hesabu ni kweli,” katibu akasema.

Mama hakuketi. “Lingejaa, mngesema mnaona, hesabu ni kweli. Halikujaa, mnasema kosa ni la ufuta. Sasa kopo lilikuwa linapima nini?”

Katibu alinikazia macho.

“Halikupima hesabu,” nikasema polepole. “Tuliiamini kabla ya kuchota.”

“Wewe nani alikuhakikishia?” mama akaniuliza.

“Mwalimu wangu.”

“Na yeye?”

“Sikumwuliza.”

Katibu aliandika kitu kwenye daftari lake, akatoka bila kuaga.

Kesho yake alimwita yule mama. Nilikaa nje ya ofisi nikijilaumu kwamba nimemponza. Alipotoka nikamwamkia.

“Marahaba, mwanangu. Alitaka nimwonyeshe tena. Kisha akapima mwenyewe, mara tatu.”

“Akasemaje?”

“Kasema nisiwaonyeshe watu.”

Siku ya darasa lililofuata mama alikaa mbele, daftari magotini, akanakili ubao wote kwa herufi kubwa. Nilipoinama kusahihisha akaninong’oneza, “Nimeandika kwa sababu umesema wewe. Kuona, sijaona.”

Nikamwekea alama ya vema. Mkono ulisita kidogo.