Kifua Wazi Mbele ya Mama Mkwe

Nesi Hilaria wa Endasak ana miaka kumi na tisa kwenye wodi ya watoto njiti. Haogopi daktari, haogopi mtoto wa gramu mia tisa. Ukitaka kumjua, sikia habari ya Margwe.

Margwe alishuka kwenye basi kutoka Gendabi na mke wake Juliana, kifafa cha mimba kimempata. Juliana akapasuliwa, akalazwa wodi nyingine, hajitambui. Mtoto wa kike, gramu elfu moja mia mbili. Mashine za joto zimejaa, moja ina watoto wawili. Hilaria akamgeukia baba.

"Vua shati."

"Mimi, sista?"

"Kwani kuna kifua kingine hapa hakina kazi?"

Akamweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akamfunga na kitenge. Siku tatu joto likatulia, maziwa yanapita kwenye mrija vizuri.

Siku ya nne Hilaria anaingia wodini, anamkuta Margwe amesimama, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, macho chini. Mlangoni yupo Bibi Zita, mama yake Juliana. Na mtoto? Kitandani, peke yake. Akapimwa: nyuzi thelathini na tano hazifiki. Miguu baridi kama jiwe la mtoni.

Msiojua, huku kwetu mwanaume hakai kifua wazi mbele ya mama mkwe. Margwe hakuwa mjinga. Alikuwa na adabu, na adabu hiyo ilikuwa inamuua mtoto.

"Vua," Hilaria akasema.

"Sista, mama yuko..."

"Namwona. Vua!"

Mtoto akarudi kifuani. Ndipo Hilaria akasalimia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Mjukuu wako amepoa. Huyu mkwe ndiye jiko lake. Akivaa shati, jiko limezimika. Utatoka nje, au tufanyeje?"

Bibi alikuwa njiani tangu alfajiri, hakuja kukaa nje. Akavuta stuli, akageukia ukuta, akakaa. Akavua shuka lake, akalirusha nyuma bila kuangalia.

"Mfunike mtoto. Na wewe Margwe, usinisalimie mpaka nikuambie."

"Ndiyo, mama."

Baada ya saa moja miguu ilikuwa ya moto.

Bibi akawa anakuja kila asubuhi, anakaa na ukuta wake. Alibishana na Margwe kuhusu ng'ombe, akamwambia dume lake ni kondoo mwenye pembe. Juliana alipozinduka, akaletwa kwa kiti cha magurudumu, akawaona, akacheka mpaka mshono ukamuuma. Akapata nguvu, wakawa wanambeba mtoto kwa zamu, yeye na mumewe.

Wiki ya tatu Hilaria akamweka mtoto kwenye mzani.

"Ngapi?" bibi akauuliza ukuta.

"Elfu moja mia tano na hamsini. Ananyonya mwenyewe. Nendeni nyumbani."

Bibi akainuka, bado anautazama ukuta.

"Margwe, vaa shati."

Akasubiri vifungo vyote. Halafu akageuka.

"Haya. Sasa nisalimie."