Tanuri Lililotulisha Mchana

Enzi zetu, kijijini kwetu nje kidogo ya Mafinga, mtoto wa shule alikunywa chai asubuhi, akakutana tena na chakula jioni. Nyumbani kulikuwa mbali, msitu wa misonobari katikati. Ukienda kula mchana, hurudi. Basi tulikuwa tunabaki. Ikifika saa nane darasa zima linasinzia. Siku moja mdogo wangu Upendo, yuko darasa la kwanza, alilala mpaka akaanguka kutoka kwenye dawati. Mama akaambiwa. Tangu hapo, akitufunga vifungo vya masweta, alikuwa anauliza, "Wanangu, leo mtashinda na nini?"

Mwaka huo wazazi walifyatua pale shuleni matofali ya kujengea ofisi ya mwalimu mkuu. Jamani, lile tanuri la kuyachomea! Kwetu sisi lilikuwa mlima. Walilikandika udongo, wakalilisha mabanzi ya mbao, likawaka usiku na mchana. Na ile baridi ya mwezi wa saba, ukungu umemeza hata mlingoti wa bendera, tulilisogelea kwa heshima kama tunaingia kanisani. Lilikuwa linanguruma chini chini, kama lina roho.

Mama akatupa viazi tukavichome pale. Wenzetu wakaona, kesho yake kila mtoto ana kiazi chake. Asubuhi tunamkabidhi mzee aliyekuwa analisha moto, anavifukia kwenye majivu. Kengele ya mchana ikilia, mbio! Ili usiibiwe, ulikuwa unakiachia kiazi chako alama ya meno. Sasa kikishaungua, ugomvi:

"Hiki changu!"

"Chako wapi? Leta mdomo tuone!"

Rafiki yangu Zawadi alikuwa na mwanya. Hakuibiwa hata siku moja. Vijana wa leo wanafungua simu kwa kidole. Sisi tulifungua chakula kwa meno.

Halafu matofali yakaiva, moto ukazimwa, tukarudi kusinzia.

Kwenye kikao cha wazazi mwalimu mkuu akauliza ujenzi wa ofisi uanze lini. Mama, ambaye siku zote alikaa nyuma kabisa, akasimama, akasalimu kwa kilugha chetu.

"Kamwene. Shamba langu liko ng'ambo ile. Moshi wa tanuri nilikuwa nauona, nalima, najua watoto wanakula. Sasa haupo. Jembe halinyanyuki."

Akakaa. Kisha baba mmoja akasema, "Hata mimi." Mwingine, "Na mimi hivyo hivyo."

Mwalimu mkuu, ambaye ofisi yake ilikuwa kona ya stoo, kati ya majembe na maboksi ya chaki, akacheka. "Haya, matofali hayo jengeeni jiko la watoto. Mimi stoo nimeshaizoea."

Nilibeba tofali kifuani nikiwatazama watu wazima wakipandisha ukuta wa jiko. Kumbe hawa wanaotukemea kutwa, mioyo yao inashinda shuleni na sisi! Kila nyumba ikaleta debe la mahindi na maharage, tukaanza kula kande.

Siku hizi mzazi akiwa na wasiwasi anapiga simu, anajibiwa ameshakula, anakata. Ni vizuri. Lakini hatuwezi tena kusikia uzito wa mchana mmoja usio na jibu.

Mtoto wa Upendo anasoma pale pale. Juzi alirudi kanuna. "Bibi, leo tena kande!"

Nilidhani mama yangu atamkemea. Mama alimvuta karibu, akakibonyeza kidogo kitumbo chake kilichojaa, akafumba macho, akatabasamu.