Fundi Makochi Achagua Boti

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ni fundi makochi. Mtaa mzima wanamwita Ngoja Kwanza, na jina hilo hakupewa kwa chuki, amelitolea jasho mwenyewe. Mpelekee kiti chako kimetoboka, mwambie unataka kitambaa cha bluu. Atakwambia ngoja kwanza, tukione na hiki cha kijani. Ukikubali kijani, ngoja kwanza, kuna hiki cha maua. Kuna mwanamke alimpelekea kochi akiwa na mimba, alipokuja kulichukua mtoto anatambaa. Sijahadithiwa. Dirisha langu linatazamana na karakana yake, na mimi siku hizi kazi yangu ni dirishani.

Nisimsingizie lakini. Kiti akishakimaliza, kimekwisha, hakirudi. Sponji anaijua. Anaibonyeza kwa kidole gumba, anainamisha kichwa, anaiangalia inavyorudi juu, utadhani mganga kashika tumbo la mgonjwa. Halafu anakaa. Akishakaa kwenye kiti alichokitengeneza anafumba macho, mdomo unabaki wazi, nzi akitaka aingie. Mwanamume mzima, mvi kichwa kizima, furaha yake yote iko makalioni.

Huyo ndiye mdogo wangu alimchagua. Ndiyo, yeye ndiye alichagua, maana angesubiri achaguliwe angezeekea kwa mama. Jamaa alikuwa anakuja nyumbani kwetu kila Jumapili. Anakaa, anakunywa chai, anakisifu kiti cha baba, anaaga. Mwaka ukaisha hivyo hivyo, chai na kiti, chai na kiti. Siku moja mdogo wangu akaweka birika chini, akamuuliza mbele yetu sote, "Wewe, umekuja kunioa au umekuja kukaa?"

Akasema, "Kukuoa."

Na kwa sababu alishikwa na aibu, baba anamtazama, akaongeza ahadi ambayo hakuna aliyemwomba: wakishaoana atampeleka ziwani, atampandisha boti, wazunguke kile kisiwa cha katikati wawili tu kama watu wanaopendana. Mdogo wangu macho yakamng'aa. Mjinga naye. Angemwomba kabati.

Basi tangu hapo ni boti. Ziwa lenyewe si mbali, ukisinzia garini hata ndoto haijakolea umefika. Kila mwaka joto likiingia, mdogo wangu anatoa gauni lake jeupe, analifua, analipiga pasi, analitundika. Na kila mwaka mumewe ana lake. Mwaka huu watu ni wengi mno, ngoja kwanza wapungue. Mwaka huu boti nzuri zimeshawahiwa. Mwaka huu nimesikia mwakani wataleta mpya. Gauni linarudi kabatini bila kuona maji zaidi ya yale ya beseni. Watoto wakazaliwa, wakakua, wakaondoka. Binti yao yuko mji mwingine, kajifungua juzi juzi, na kila akipiga simu wimbo wake ni mmoja: "Mama, chumba chako kipo. Njoo unisaidie huyu mtoto."

Mwaka huu mdogo wangu akamjibu. Alisimama mlangoni mwa karakana makusudi, simu sikioni, mume anang'oa misumari kwenye kiti cha mtu.

"Mwanangu, nisikilize. Msimu huu wa joto ukiisha sijapanda boti, nakuja kwako. Na nikija, nimekuja. Sirudi."

Koleo likasimama hewani. Alisikia vizuri sana, masikio hana shida nayo.

Mtu mwingine kesho yake angekuwa ziwani. Huyu akaanza kuulizia. Akamuuliza kinyozi, akamuuliza muuza mkaa, akawauliza wateja waliokuja kudai viti vyao. Ya paa au ya wazi? Ya injini au ya makasia? Ya asubuhi au ya jua likishapoa? Akaja mpaka dirishani kwangu.

"Shemeji, ingekuwa wewe ungependelea boti ya namna gani?"

"Ile inayozama wewe ukiwemo."

Akacheka! Akanishukuru, akaenda. Kumtukana yule ni kupoteza mate, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Siku zikayoyoma. Joto likaanza kukatika, shule zikawa karibu kufunguliwa, mapazia yangu yakaanza kucheza. Kule ziwani upepo ukishaanza boti zinavutwa nchi kavu, zinafunikwa maturubai, umwone nani mpaka mwaka mwingine. Jumapili ya mwisho asubuhi nikamwona mdogo wangu, kwenye dirisha la chumba chao pembeni ya karakana, kapanda kwenye stuli, anashusha sanduku juu ya kabati. Alilipangusa vumbi polepole, akaliacha wazi kitandani. Mume kapita na kikombe chake, kaliona.

Muda si mrefu huyo hapo, mbio, suruali imejaa nyuzi.

"Shemeji, vaa viatu! Tunaenda ziwani sasa hivi."

"Umepata boti gani?"

"Tutachagua huko huko."

Ningekataa. Mdogo wangu akanishika mkono, akaninong'oneza, "Dada, twende. Akiniaibisha nisiwe peke yangu." Tukajibana watatu mbele kwenye gari lake la kubebea makochi, mimi gia inanigonga goti njia nzima, yeye anaendesha huku anaeleza faida za boti ya paa na hasara zake.

Pale gatini mwenye amri alikuwa mama mmoja mnene, filimbi shingoni, sauti ya kufukuzia ng'ombe.

"Wazee, mmechelewa! Imebaki hii moja. Ikijaa inaondoka, ikirudi tunaivuta juu, msimu umeisha. Pandeni!"

Ilikuwa boti ya mbao, ya injini, rangi imebabuka, viti ni mbao tupu zimekatizwa ubavu kwa ubavu. Watu wamekaa wanaongea, watoto wanarusha miguu. Mdogo wangu keshakusanya gauni lake jeupe mkononi. Ngoja Kwanza akamzuia kwa mkono, akainama, akaibonyeza mbao kwa kidole gumba. Mbao! Akasubiri irudi juu.

"Hapana," akasema. "Hapa mgongo wako utaniambia nini kesho? Ngoja kwanza, mke wangu."

"Baba watoto, mgongo ni wangu."

Hakusikia. Alishaona kitu. Kule mwisho wa gati kulikuwa na boti nyeupe pee, ina kipaa cha kitambaa chenye mashada, na viti vya ngozi nyeupe vimetuna kama maandazi. Alikwenda kama mtu aliyeitwa jina. Akaingia, akapiga magoti, akabonyeza. Akageuza mto, akafuata mshono kwa ukucha. Akainama akanusa.

"Njooni muone kazi ya mtu! Mshono wa mara mbili. Sponji nzito, siyo takataka. Na ngozi hii haijalowa hata siku moja. Hata siku moja!"

Ndiyo sifa aliyoipa boti, kwamba haijawahi kulowa. Fundi wa pikipiki angetafuta injini. Mtoto mdogo angeuliza dereva yuko wapi. Yeye macho yake huwa yanaishia kwenye kiti. Tukaingia, tukakaa. Nakiri viti vilikuwa vizuri. Mdogo wangu akashika ukingo kwa mikono miwili, uso umeelekea kisiwani, anangoja kuondoka. Mume akafumba macho, mdomo wazi.

Tukakaa. Tukakaa tena.

"Dada, mbona haitikisiki?"

"Labda dereva anamalizia chai."

Wakaja bwana harusi na bibi harusi, gauni la mkia mrefu, mpiga picha mbele yao kabeba kamera mbili.

"Wazee wangu, mkimaliza zenu tunaomba na sisi."

"Zetu zipi?" Ngoja Kwanza akafumbua jicho.

"Picha zenu."

"Sisi hatupigi picha, kijana. Sisi tunazunguka kisiwa."

Mpiga picha akamtazama, akanitazama mimi, akaona hakuna msaada. "Mzee, hii haiendi popote. Haina injini, na chini imefungwa mnyororo. Tumeiweka watu wakalie wapigwe picha tu."

Bwana harusi akageuka pembeni kucheka, mabega yanaruka. Bibi harusi yeye hakujificha. Na unajua shemeji yangu alisema nini? Mtu mwingine angetafuta pa kuuweka uso. Yeye akaupigapiga mto, akatikisa kichwa, ameridhika kabisa.

"Aa! Ndiyo maana haijalowa."

Alifurahi kwamba ameelewa.

Mdogo wangu aliinuka. Alitoka kwenye ile boti, akakusanya gauni mpaka magotini, akakimbia kwenye gati kama msichana anayewahi kengele, na mimi nyuma yake nahema, kiatu kimoja kinataka kubaki. Filimbi ilikuwa inalia. Kamba ya boti ya mbao ilikuwa mkononi mwa nahodha.

"Kuna nafasi?"

"Zipo! Haraka, mama, haraka!"

Akainua mguu, huyo ndani. Mimi nikadakwa makwapani na mabwana wawili, nikatuliwa kama gunia la viazi. Nafasi ilikuwa imebaki moja, pembeni yake. Ngoja Kwanza akafika, pumzi juu juu.

"Mke wangu, usikae bado! Nina kipande cha sponji garini, nakuletea ukalie!"

"Panda hivyo hivyo."

"Dakika moja tu, mbao zitakuumiza..."

"Panda!" Alimnyooshea mkono. "Nakuomba. Panda."

Aliutazama ule mkono. Akalitazama gari. Mama wa filimbi akamfokea, "We mzee, unapanda au hupandi?" Nilimwona kwa macho yangu anachagua, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alichagua upesi. Akakimbilia gari.

Nahodha hakungoja mtu. Tulipokuwa tumeshaliacha gati, mzee wa watu akatokea na sponji yake kwapani, anatupungia, anatuonyesha kwamba ameipata. Mdogo wangu alimwangalia mara moja tu, halafu akageuza uso kisiwani. Mbao zilitupiga, maji yakaturukia, gauni jeupe likawa kama kitambaa cha kudekia. Alicheka mpaka akanilalia begani. Tulipozunguka upande wa pili wa kisiwa, gati halionekani tena, akaniambia sikioni, "Dada, kumbe ni kuinua mguu tu." Nikadhani anasema habari ya boti.

Tuliporudi alikuwa amesimama pale pale, meno nje.

"Umepanda! Si umepanda? Basi yale mambo ya sanduku yamekwisha."

"Nimepanda na dada yangu," akamwambia. "Wewe ulikuwa nchi kavu na sponji."

"Lakini nilikuwa nakuletea wewe. Usiumie."

"Najua," mdogo wangu akasema, na alisema kwa upole mpaka mimi nikaona vibaya. "Najua sana. Twende nyumbani nikapange nguo."

Alipanga, akaenda kwa binti yake wiki ile ile. Mume ndiye alimbebea sanduku mpaka kituoni. Sasa wanawake wa mtaa huu wananijia na huruma zao: masikini mume, alimpenda mkewe, si alikimbia kumletea sponji? Nawajibu kwamba mtu akikunyooshea mkono unampa mkono. Sponji mpe kochi. Wananiita roho ngumu. Sawa, roho ngumu, lakini sijawahi kumwacha mtu mkono hewani.

Yeye wateja anawaambia mke kaenda kumwona mjukuu, atarudi. Juzi akanigongea mlango, kanyoa ndevu, shati limepigwa pasi vibaya, begi mkononi.

"Shemeji, nimeamua. Namfuata."

Sitaficha, nilisimama. Nikamwambia, "Haya, nenda. Nenda sasa hivi, usirudi hata kufunga karakana."

"Naenda, naenda. Kitu kimoja tu nilitaka unishauri." Akaweka begi chini. "Basi la asubuhi halina joto, lakini la jioni nasikia viti vyake vinalala. Wewe ungepanda lipi?"

Nikafunga mlango. Kivuli chake kilikaa chini ya mlango muda, kinasogea kushoto, kinasogea kulia. Halafu kikaondoka, na baada ya kitambo nikasikia nyundo karakanani.