Puaro za Mama

Mabati ya nyumba yetu ya Kasese yalianza kulia saa nne asubuhi. Jua likishapanda juu ya mbuga, yalijinyoosha yakatoa mlio mkavu, tak, tak, na Mama aliyekuwa akichambua maharagwe alinyanyua kichwa kana kwamba kuna mtu amepiga hodi. Kule Butembo tulikotoka, mabati yalijua kazi moja tu, kupokea mvua. Nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tumevuka mpaka kwa kukimbia bunduki, tukapumzika wiki mbili Bwera, mji wa mpakani, kwa shangazi yake Baba, kisha Baba akapata meza ya kuuzia vitenge katika soko la Kasese, na vyumba viwili katika ua wa Haji. Watu walitupokea vizuri. Joto ndilo halikutupokea. Mdogo wangu Paluku, aliyekuwa bado ananyonya, alitoka vipele kuanzia shingoni hadi kiunoni, na Mama alishinda kizingitini akimpepea kwa mfuniko wa sufuria huku akiitazama milima. Asubuhi nyingine, kabla mawingu hayajaifunika, theluji ilionekana kule juu, nyeupe, na Mama aliitazama hadi ilipofichika. Nilimwonea huruma, lakini nakiri pia kwamba alinichosha, maana kila kitu alikipima na Butembo, na Butembo ilishinda siku zote.

Wenzetu walivuka na magodoro. Mama alivuka na miche ya puaro. Puaro ni yale majani marefu ya ukoo wa kitunguu, yenye shina jeupe, ambayo kwetu hayakosi ndani ya mchuzi, na hustawi panapo baridi na ukungu. Aliizungushia miche kitambaa kibichi, akaichomeka kifuani, na askari wa mpakani wakadhani ana kidonda. Alipofika Kasese aliipanda mistari mitatu nyuma ya jiko, akawa anainywesha alfajiri kabla hata hajashika rozari. Haji, mwenye nyumba wetu, mtu wa lori moja na maneno mengi, alikuja kuitazama akiwa ameshika birika la udhu. "Mama Masika," akasema, akimwita kwa jina langu, "huku iko ya pamba na mbuzi. Hiyo majani yako itakufa bure." Mama alitabasamu kwa heshima, na Haji alipoondoka akaongeza maji.

Jumapili moja baada ya misa niliwasikia wazazi wangu wakizungumza jikoni. Mama hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonitisha. "Mi naangalia hii puaro," alisema. "Ikiota, nabaki. Ikikataa, mi narudia Butembo. Udongo yenye inakataa puaro, itanikataa na miye." Baba alimuuliza habari za bunduki. "Bunduki inapita," Mama akajibu. "Hii joto haipiti." Kisha Baba akauliza, polepole, "Na Masika?" Nilishika ukuta. "Masika iko na masomo. Atabaki na weye kwanza. Paluku nitamubeba." Mkataa kwao ni mtumwa, aliongeza, na Baba, aliyekuwa na methali ya kila mteja pale sokoni, akainama kuchochea kuni.

Tangu hapo puaro zikawa zangu. Sikumwambia mtu. Nilifukuza kuku, niling'oa magugu, na usoni mwa Mama nilisoma jinsi zilivyokuwa zikiendelea. Zilikuwa nyembamba, lakini zilisimama. Halafu likaja juma la kiangazi kikali, upepo ukitoka mbugani na vumbi lenye moto, na siku moja nikarudi kutoka shuleni saa saba mchana nikakuta zote zimelala ubavu. Mama alikuwa amempelekea Baba chakula sokoni. Nilitandua shuka la kitandani, nikalitandaza juu ya vijiti ili zipate kivuli, halafu nikatafuta maji. Kando ya ukuta palikuwa na dumu la manjano lililokaa juani tangu asubuhi. Nikalishika mpini, nikalikokota, nikamimina lote, mstari baada ya mstari, nikijisifu kimoyomoyo. Butembo maji yalitoka kwenye chemchemi yakiwa na baridi ya kuuma meno. Sikujua kwamba maji yanaweza kupata moto yenyewe, bila kuni wala jiko. Kilichonijulisha ni harufu. Ilikuwa harufu ya mchuzi wa nyumbani, ule wa siku za mvua, na ilikuwa ikitoka ardhini. Nilitia kidole kwenye tope nikakitoa upesi. Maji yakimwagika hayazoleki, na yale yalikuwa yameshapika.

Nilirudisha shuka kitandani, nikanyamaza. Mama aliporudi alienda nyuma ya jiko, akavuta puaro moja, ikamtelezea mkononi. "Udongo imesema," alisema, akaingia ndani kutafuta sanduku. Ningeweza kumwambia palepale. Siku tatu nzima maneno yalinijaa kinywani na sikuyatoa, kwa sababu niliogopa kwamba akijua, ataondoka akiwa amenikasirikia, na hilo niliona ni baya kuliko kuondoka kwenyewe. Leo nashangaa hesabu za mtoto.

Jumamosi Haji alikubali kumpeleka Bwera kwa lori lake, ila kwanza apitie Nyakalengija, kijiji kilicho chini ya mlima, akapakie mikungu ya matoke. Nililia hadi nikaruhusiwa kumsindikiza Mama mpaka mpakani, nirudi na Haji. Tulibanana mbele, Paluku mapajani, Haji akisimulia kila daraja na aliyelijenga. Njia ilipoanza kupanda, Mama alitoa mkono dirishani, akauacha huko. Lori liliposimama tulisikia mto. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba, na hewa ilinukia moshi wa kuni mbichi na udongo uliolowa. Mama aliteremka, akafungua sanduku palepale nyuma ya lori, akatoa triko yake, sweta ya sufu ya rangi ya kahawia, ambayo hakuwa ameigusa tangu tuvuke. Akaivaa, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni. Paluku alikuwa ameacha kujikuna, amelala. Mwanamke mmoja alipita na mzigo wa kabichi mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso kama wabebavyo mama zetu. Mama akamsalimu kwa lugha yetu, naye akajibu kwa Lhukonzo chake, lugha ya huko inayokaribiana na yetu, wakaelewana kama watu waliotenganishwa na ua tu.

Hapo ndipo nilipopasuka. Nilisema yote, dumu, jua, shuka, harufu, huku kamasi zikinitoka. Mama alinikodolea macho. "Maji ya moto? Masika, ulinipikia puaro mu udongo?" Niliitikia. Haji aliangua kicheko mpaka akashika tairi. Mama naye akacheka, akajifuta macho kwa mkono wa triko, kisha akaendelea kujifuta ingawa kicheko kilikuwa kimekwisha. "Basi haiko udongo ilinikataa," alisema taratibu. Akamgeukia yule mwanamke, wakaanza kuzungumzia shamba la kukodi. Haji alipomaliza kupakia akapiga honi. "Mama, twende! Bwera inangoja." Mama hakugeuka hata shingo. "Haji," alisema, "unishushie sanduku."

Alibaki huko na Paluku, na yuko huko hadi leo. Miche mipya aliiagiza kwa wafanyabiashara wa kwetu, na Jumapili alishuka kwa misa na kutupikia. Mimi nilibaki chini na Baba kwa sababu ya shule, na Kasese ikaniingia bila kuniomba ruhusa. Nilijifunza kulala kwenye mkeka, kupenda harufu ya vumbi linapopata tone la kwanza, hata kuukosa mlio wa mabati nikiwa safarini. Kila nilipopanda mlimani kwa Mama nilifika nikitetemeka kwa baridi, naye alinirushia triko ileile mlangoni. "Mutoto wa joto," alinitania. Nilicheka, lakini iliniuma. Nilikuwa nimehangaika asiniache, na sasa kwake hapakuwa kwangu.

Siku hizi kile kipande cheupe cha theluji mlimani kimepungua, na asubuhi nyingi nakitafuta nisikione. Shamba la Mama limehama mara mbili, kila mara juu zaidi likifuata baridi, na sasa limegusa mpaka wa hifadhi, ambapo haruhusiwi mtu kulima. Kiangazi kilichopita alinipigia simu. "Masika, kuja na mashuka." Nilifika adhuhuri, nikanyoosha mkono kupokea triko kama kawaida. Hakuwa nayo. Alikuwa amesimama mlangoni na blauzi nyepesi, jasho kwenye mdomo wa juu, na mimi sikusikia baridi hata kidogo. Niliogopa vilevile nilivyoogopa nikiwa nimeshika ukuta wa jiko. Tulizitandia puaro mashuka yangu juu ya vijiti. Mama akaniletea dumu lililokuwa juani kando ya ukuta. Kabla ya kumimina nilitia kidole.

"Iko namna gani?" akauliza.

"Tungoje jioni, Mama," nikamwambia. Nikalisogeza dumu kivulini, tukakaa kando yake.